Simu Chini ya Kiti cha Bibi Lempi

Siku Tilda Koskela alipopata leseni ya udereva, baba yake Darrell alimkumbatia, akampiga picha, kisha akampigia simu wakala wa bima. Furaha ikaishia hapo. Kumwandika binti wa miaka kumi na sita kwenye bima ya magari ya familia kungepandisha ada kutoka dola mia moja na tisini kwa mwezi hadi mia nne na kumi.

"Kwa pesa hizo si afadhali nimbebe mgongoni?" Darrell akalalamika.

Wakala, Bi. Marlys, alikwisha kuzoea vilio vya wazazi. Akamwambia njia zipo. Tilda aandikwe kwenye lile gari kuukuu, si kwenye pikapu mpya. Shule itoe matokeo yake, maana wanafunzi wanaofanya vizuri hupunguziwa. Na wote watatu, baba, mama na binti, waweke kwenye simu zao programu ya kampuni inayopima mwendo, breki na kona. Familia ikipata alama nzuri kwa miezi mitatu, punguzo ni nono.

Darrell akamgeukia binti yake. "Umesikia? Ukikanyaga breki kama unaua nyoka, sote tunalipa."

"Sawa, Baba," Tilda akajibu, kwa upole wa kumtia mtu wasiwasi.

Ripoti ya wiki ya kwanza ilisomwa mezani na Renee, mkewe Darrell. Tilda tisini na nne. Renee themanini na saba. Darrell hamsini na nane.

"Hiyo programu ni mbovu," Darrell akasema.

"Nyani haoni kundule," Renee akamjibu, huku akijipakulia viazi.

"Usijali, Baba," Tilda akasema. "Breki ni ile pedali pana."

Ilimchoma. Miteremko ya mji wao wa Duluth haimhurumii mwenye haraka, na Darrell alizaliwa na haraka. Angejifunza upya akiwa na miaka arobaini na saba? Akatafuta njia ya mkato, akaiona ikitoka uani kwake kila asubuhi.

Ilikuwa ni mama yake, Lempi, mwenye miaka sabini na minane, aliyeishi chumba cha chini cha nyumba hiyohiyo. Alikuwa na gari lake na bima yake. Kila siku alivaa kofia, akaaga kwamba anakwenda kanisani kunywa kahawa na wenzake, akatoka getini polepole hata kuchakuro wakampita. Jumatatu asubuhi Darrell akaisukuma simu yake chini ya kiti cha gari hilo. Jioni akaichukua. Akafanya hivyo hadi Ijumaa; kazini kwake, duka la mbao, simu ya mezani ilimtosha. Jumapili akakaa mezani akitabasamu kabla hata ripoti haijafunguliwa.

Renee akasoma, akasoma tena.

"Darrell. Umepata ishirini na tatu."

"Ngapi?"

"Alhamisi, saa nne asubuhi, maili tisini na moja kwa saa, barabara ya kwenda Cloquet. Breki za ghafla kumi na moja. Kisha gari likaegeshwa kwa muda wa saa tatu kwenye ukumbi wa bingo, ule mchezo wa kamari wa namba." Akamkazia macho. "Saa nne si huwa uko kazini?"

Darrell akaona njia mbili, kukiri hila yake au kukubali kwamba alitoroka kazini, na zote zina miiba. Upande wa pili wa meza, Lempi aliacha kutafuna.

Tilda akamtazama baba, akamtazama bibi. "Bibi, kanisa limehamia Cloquet?"

"Nani kaweka simu kwenye gari langu?" Lempi akang'aka.

Ikabidi Darrell aseme yote, macho yakiwa kwenye sahani.

"Yaani mwanangu wa kumzaa, unanifanya punda wa kukubebea alama!"

"Mama, maili tisini na moja!"

"Nikichelewa, Elvi, mwenzangu wa bingo, anakalia kiti changu cha bahati. Ulitaka nifanyeje?"

Renee alicheka hadi akalazimika kuondoka mezani. Aliporudi, akatoa hukumu: Darrell atamwambia Bi. Marlys ukweli, kisha ataendesha mwezi mzima Tilda akiwa kando yake kama mwalimu.

Kesho yake Darrell akapiga simu, akakiri. "Mwezi uliopita mteja wangu aliiacha simu yake kwenye gari la shemasi," wakala akasema. "Sasa shemasi kanyang'anywa leseni, anatembea kwa miguu. Nitaanza kukuhesabia upya, Bwana Koskela. Simu ikae mfukoni mwako."

Mwezi ule ulikuwa mrefu. "Achia mafuta, Baba. Taa nyekundu haikimbii." "Baba, huyo ana haki ya kupita, hata kama anatembea kama bata." Darrell alisaga meno, lakini wiki ya nne alipata themanini na sita, akaibandika ripoti kwenye friji mwenyewe.

Miezi mitatu ilipotimia, ada ikashuka hadi dola mia mbili na themanini. Lempi naye akanyang'anywa funguo na mjukuu wake, aliyekuwa akimpeleka bingo kila Jumamosi kwa mwendo halali, kona kwa kona, ishara kwa ishara.

"Mtoto wee, hata jeneza langu halitakwenda hivi," bibi akanung'unika.

"Funga mkanda, Bibi," Tilda akasema, akasimama kumpisha Elvi, aliyewapita na gari lake kama mshale.