Majina ya Saa Kumi

Bwawa lilipopasuka, simu za bonde zima zilikata kauli siku hiyohiyo. Fundi redio na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyefundisha darasa la kwanza huko bondeni, na tangu hapo hawakupata habari yake yoyote.

Kilichobaki kuwaunganisha naye ni redio kuukuu ya masafa mafupi, dude zito lililong'olewa kwenye meli, lenye vali kumi na nne, zile taa za kioo zinazoiva kama makaa. Miaka nenda rudi mkewe alikuwa akimwambia, "Baba Mwalimu, chagua moja, kabati langu au hilo lichuma lako." Sasa sebule yao haikuwa na pa kukanyaga. Kila saa kumi jioni waokoaji waliopiga kambi mlimani walisoma majina ya waliookolewa, na kila mwenye ndugu bondeni alikuja kusikiliza.

Siku ya tatu, dakika kumi kabla ya saa hiyo, vali ya spika iliingia ukungu mweupe ndani ya kioo, ikazimika.

"Si unayo nyingine?" akauliza jirani yao, mwoka mikate.

"Ya aina hii? Hazitengenezwi tena."

Fundi alilehemu nyaya za hedifoni mahali ambapo sauti hupita kabla ya kufika kwenye vali ile. Akaungua kidole, hata hakushtuka. Sauti ikaja, nyembamba kama ya mbu. Ila sasa angesikia mtu mmoja tu.

"Basi sema kila unachosikia," mkewe akamwambia. "Usiruke hata jina moja."

Akasema. Likapita jina la kaka yake mwoka mikate, na jibaba lile zima likaketi sakafuni likalia kwa kwikwi. Likaja la mama mkwe wa fundi cherehani. Fundi akalirudia mara mbili, na kambi aliyofikishwa. Ikafuata mikwaruzo, yakafuata majina mengine, kisha msomaji akasema ya leo yameisha.

"Mwanangu je?" akauliza mkewe, amesimama mlangoni.

Fundi alifungua kinywa aseme ukweli. Akainamia redio.

"Ametajwa," akasema.

Watu wakashangilia, wakamkumbatia mama wa watu, wakatawanyika. Fundi alibaki ameinamia redio. Kutoka chumba cha binti yao akasikia kitanda kikisogezwa, kabati likifunguliwa. Akajikokota hadi huko. Mkewe alikuwa anatandika shuka safi.

"Mama Mwalimu, nisamehe. Sikulisikia jina lake."

Mkewe hakugeuka. Alinyoosha mkunjo wa shuka kwa kiganja, akaunyoosha tena. "Nilijua. Ya wenzetu uliyarudia, ukasema ni wa wapi na amefikishwa kambi ipi. La mwanao umelitupa kama unatema kitu."

"Nilishindwa kukutazama."

"Ukanitandikisha kitanda." Hapo ndipo alipoketi kitandani. "Kesho nasikiliza mimi. Wewe shughulika na mtambo wako."

Kesho yake alivaa hedifoni yeye, huku fundi akitafuta stesheni taratibu kwa ncha za vidole. Waliookolewa walikuwa saba. Aliwataja wote kwa sauti kavu. Kisha msomaji akaanza orodha ya pili, ya waliopatikana wakiwa wameshafariki, na mama akayataja majina hayo pia, moja baada ya jingine. Jina la tatu lilikuwa la binti yake. Alilitaja kwa sauti ileile, akaendelea. Fundi akaachia kitufe cha kutafutia stesheni, akamshika bega, lakini mkewe akautoa mkono wake na kuurudisha kwenye redio.

"Shikilia hapohapo, Baba Mwalimu, isije ikapotea. Watu bado wanasubiri."

Yalikuwa yamebaki majina kumi na moja. Aliyamaliza yote, ndipo akavua hedifoni, akaanguka mikononi mwa mumewe akipiga ukelele uliowatoa watu nje hadi mtaa wa pili.