Ko, Ko, Ko

Kwa miaka ishirini na saba nimewalisha mafundi wa kiwanda cha nguo, na sijaunguza chakula hata siku moja. Msinipigie makofi bado. Chakula chenyewe hakijawahi kuuona moto.

Ni tikiti maji. Unalikata vipande vya kujaa mdomo, unavitia chumvi, unaviacha vitoe maji. Maji hayo huyamwagi! Wengi huyamwaga, ndiyo maana wao ni wengi na mimi niko peke yangu. Unayakamulia ndimu, unayakoroga na asali, unayarudishia vipande vyako. Juu yake jibini nyeupe ya chumvi, uivunjevunje kwa vidole, halafu nanaa na pilipili manga. Msimu wa joto, fundi aliyeshinda ameinamia cherehani akitia kipande kimoja mdomoni husahau hata jina la mumewe. Wengine walikuwa wakija kula kwa sababu hiyo hiyo.

Walioniomba siri yake niliwapa kwa moyo mweupe, kila mtu na uongo wake. Mke wa mlinzi nilimwambia natia majani ya chai. Jirani yangu nilimwambia tikiti lilale chini ya kitanda siku tatu. Akalilaza, panya wakamshukuru. Ukweli nilimwambia mtu mmoja tu.

Huyo ni Pini. Alipata jina hilo alipokuwa fundi pale kiwandani, maana alibana pini mdomoni hata akiwa anasengenya. Ananiita dada, nami namwita mdogo wangu, ingawa mama zetu hawakuwahi hata kusalimiana. Alipofiwa na mume alilala kitandani kwangu miezi miwili, mimi nikalala sakafuni, na mgongo wangu haujasahau.

Mwaka huu daktari aliniambia nina mtoto wa jicho. Nipasuliwe, kisha nisitie mguu juani wiki tatu. Ugonjwa hauna adabu, ulichagua wakati huo huo ambapo msimamizi wa kiwanda, mama mmoja wa maneno machache, alikuwa ametangaza kwamba atampa mtu mmoja meza ya ndani. Meza ya ukumbi wa kulia, chini ya feni, karibu na bomba! Miaka ishirini na saba nimesimama getini na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Meza ile niliiota kama msichana anavyoota harusi.

"Mdogo wangu," nikamwambia Pini, "nishikie nafasi yangu."

Nikamketisha jikoni kwangu, nikalikata tikiti mbele yake, nikamwonyesha chumvi kiasi gani, asali kiasi gani. Alitazama kimya kama mwanafunzi wa mtihani.

"Nitaitunza kama macho yako, dada," akasema.

Na kweli, macho yangu ndiyo aliyoanza nayo. Kila jioni alikuja kunitia dawa ya matone. Alinishika kidevu, akaniinua uso, akasema, "Wanakuulizia. Wanasema bila wewe geti limepooza." Nikilia, alinifokea: "Usilie, dada, unaimwaga dawa!"

Wiki ya nne nikaenda, jicho moja limezibwa na pamba, kapu langu mkononi. Getini hapakuwa na mtu ila mlinzi, akanitazama kama maiti aliyekuja kudai sanda yake.

"Bibi! Unaona?"

"Naona kifungo chako cha tatu kimekatika. Kwa nini nisione?"

"Tuliambiwa umepofuka. Kwamba umeacha kazi, umehamia kwa mwanao."

"Nani kasema?"

Mlinzi akaanza kuvichunguza viatu vyake.

Mwanangu wa pekee nilimzika akiwa na miaka sita. Siku hiyo aliyenishika mkono ni Pini.

Nikaingia ndani. Nilimkuta kwenye meza yangu, chini ya feni yangu, kavaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi, mafundi wamepanga foleni. Msimamizi alikuwa kando, sahani mkononi. Nikachukua kipande nikala. Chumvi ilikuwa sawa. Asali sawa. Hata pilipili manga ilikuja mwishoni, polepole, kama ninavyotaka mimi. Angekuwa amekiharibu, nadhani ningemsamehe.

"Dada!" Pini akasema, mikono wazi. "Umepona! Karibu mgeni, nikukatie sahani?"

Mgeni. Neno hilo lilinikaa kooni kuliko mbegu ya tikiti.

"Msimamizi," nikasema, "huyu nilimwomba anishikie nafasi yangu. Na hiki mnachokula nimemfundisha mimi."

Pini hakukasirika. Alinihurumia, tena mbele za watu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Dada amepitia mengi," akawaambia. "Macho, umri... Hiki ni cha marehemu mama yangu. Nilikikata kabla sijaota meno ya pili. Dada nilimfundisha mimi, nikamwachia geti miaka yote hii kwa heshima tu."

Msimamizi akatua sahani. "Mimi sikuwepo jikoni kwenu," akasema. "Na karatasi ya meza naisaini leo, kabla mapumziko hayajaisha. Nitajuaje?"

"Mwambie akate tikiti moja mbele yako," nikasema.

Pini akacheka. Akalivuta tikiti, akashika kisu chake kipya, kile cha chuma kitupu toka ncha hadi mwisho wa mpini. Akakisimamisha, akagonga kitako chake ubaoni: ko, ko, ko. Ndipo akakata.

"Hapo umegonga nini, mdogo wangu?"

"Si ndiyo namna yake! Mama hakukata bila kugonga mara tatu. Kunaamsha utamu."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ukiacha, ladha inapotea."

Fundi mmoja aliyekuwa akinakili maelekezo yake nyuma ya kipande cha kitambaa akaongeza: gonga mara tatu.

Nikatoa kisu changu kapuni, nikakifungua kitambaa chake, nikampa msimamizi. "Kata na wewe, mama. Usigonge."

Akakiinua. Chuma kikachomoka, kikaangukia katikati ya jibini, yeye akabaki ameshika mpini mtupu kama mtu aliyeng'oa mkia wa mjusi.

"Kimelegea mwaka wa tisa huu," nikasema. "Nisipokigonga kwanza, mpini huku, chuma kule. Sijui utamu unaamka vipi, mimi naogopa kujikata tu."

Cheko likaanzia nyuma ya foleni, likaja mbele. Mimi sikucheka, na si kawaida yangu.

"Sasa niambie, mdogo wangu. Marehemu mama naye kisu chake kililegea? Au alikuwa akija kuazima changu?"

Pini akafungua mdomo. Safari hii hamkuwa na pini hata moja. Macho yake yakakwepa langu, mikono ikatafuta kazi, ikalivuta tikiti la pili. Kisu kikasimama. Ko. Ko.

Mkono ukabaki hewani.