Trei Nane za Sadaka

Adelard hakuyauza yale mayai. Nalisema hilo mapema, maana ndiyo hoja anayojificha nyuma yake mpaka leo. Aliyatoa sadaka.

Kuku wake wa mayai waliugua mafua Jumatatu. Hapa Kibamba banda lake na langu yametenganishwa na ukuta tu, nikilala nawasikia wanavyokoroma. Jumanne nikamkuta anakoroga dawa kwenye ndoo. Vijiko vitatu! Mwaka 2016, tulipoanza kufuga, kijiko kimoja cha dawa hiyohiyo kilitosha ndoo nzima, kesho yake kuku wanachakura. Nakumbuka vizuri, kijiko kilikuwa changu na hajakirudisha.

"Mzee, vijidudu vya banda lako vimeshaizoea hiyo," nikamwambia. "Unavikomaza tu. Na mayai ya wiki hii mwaga, pakiti imeandika siku saba baada ya dozi."

"Pakiti wanaandika watu wasiofuga. Wewe wa darasa la saba umesomea wapi udaktari?"

Darasa la saba, sawa. Kusoma pakiti nilifundishwa hukohuko.

Jumapili, ibada ilipokwisha, nikaziona trei nane juu ya meza ya mnada. Kanisani kwetu asiye na fedha hutoa mkungu wa ndizi, kuku, alicho nacho, kinanadiwa uwanjani. Edgar, mnadi wetu, akainua trei moja kuwakilisha zote nane.

"Mayai ya Mzee Adelard, mzee wa kanisa! Nani anaanza?"

Akaanza Margareta, mwalimu wa chekechea ya kanisa. Kila Jumatatu watoto wake sitini hula yai moja moja. Mtoto wa miaka minne unamlisha mabaki ya dawa kidogo kidogo, vijidudu vya tumboni mwake vinaizoea, siku akiugua kweli anachomwa sindano na homa haishuki.

"Hayo mayai yana dawa!" nikapaza sauti.

"Benson kaanza," mtu akasema nyuma yangu.

Adelard akasimama, suti yake imenyooka. "Mwaka juzi alisema nyama. Mwaka jana maziwa. Jamani, huyu bwana nyumbani kwake anakula nini?"

Uwanja mzima ukacheka. Kuhusu maziwa nilikuwa sahihi, ila wenye kumbukumbu pale ni wachache.

Basi nikaingia mnadani. Kila Margareta akipandisha bei, nami napandisha, mpaka akanitazama kwa chuki akaacha.

"Yamekwenda kwa Benson!" Edgar akapiga meza. "Unabeba au unamzawadia mtu?"

Huo ndio utaratibu wetu. Mnunuzi akimtaja mtu, aliyetajwa huja mbele anacheza, anapokea. Kukataa sijaona tangu kanisa likiwa la mabati.

"Namzawadia Mama Kokushubila, mke wa Mzee Adelard. Awapikie wajukuu wake leo hii, mchana."

Vigelegele. Ngoma. Mama Kokushubila akatoka kwenye mstari wa akina mama, akacheza hatua mbili, akasimama. Akamtazama mumewe. Mpiga ngoma naye akanyamaza.

"Pokea," Adelard akasema, meno yamebana.

"Nikawapikie wajukuu?"

"Wewe pokea tu, mama!"

"Si wewe Jumatano ulinikataza nisikaange hata moja?"

Alisema taratibu, lakini ngoma ilikuwa kimya.

Margareta akageuka. "Kwa hiyo, mzee, wajukuu zako hapana, wanangu sawa?"

"Mie nimemtolea Mungu! Sijamlisha mtu!"

"Mungu anakula mayai?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Kokushubila akarudi kwenye mstari wake mikono mitupu.

Nikazibeba trei mpaka shimo la taka nyuma ya kanisa, nikaanza kuvunja. Mia mbili na arobaini, kila moja kwa mkono, nisije nikageuza kisogo mtu akafukua. Margareta akaja, akavua viatu vyake vya ibada, akachuchumaa ng'ambo ya shimo, akavuta trei.

Adelard alikuja na wazee wenzake watatu watuzuie, eti tunaharibu sadaka. Mmoja alikunja mikono ya shati akachuchumaa kando ya Margareta, naye akaanza kuvunja. Wawili wakatoa daftari, wakaandika majina yetu sote watatu, tuitwe kwenye kikao cha wazee.