Jumatatu ya Mzee wa Zamu

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu, Mzee wa Zamu aliamka alfajiri kama kawaida yake, akavaa suruali ya kazi, akapiga viatu kiwi, kisha akasimama katikati ya sebule asijue afanye nini. Jina hilo alipewa kwenye kiwanda cha nguo, alikosimamia zamu ya mchana tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti. Alitoka nyumbani giza, akarudi giza, Jumamosi zikiwemo. Hata likizoni alifanya kazi. Na usidhani alilazimishwa! Alipenda mwenyewe kusikia watu wakisema bila yeye mashine haziendi.

Sasa mashine zilikuwa zinaenda bila yeye, na jambo hilo lilimkaa kooni. Siku ya kumuaga, meneja alimnong'oneza kwamba akitaka mkataba mfupi, aje Jumatatu asubuhi waongee. Yeye hakumwambia mkewe. Akaketi kwenye kiti chake cha dirishani kungoja ofisi zifunguliwe, na mara mlango ukagongwa.

Mshonaji wa nyumba ya pili aliingia amemshika mama yake mkono. "Shikamoo baba! Bibi ameshakunywa chai," akasema, huyo akaondoka mbio. Kabla Mzee wa Zamu hajafumbua mdomo, akaletwa mzee mwingine, na mwingine tena. Mmoja alivua kofia akaitundika kwenye msumari ukutani, msumari ambao mwenye nyumba hakuwahi kuuona katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake!

"Mama watoto! Hawa ni akina nani?"

Mkewe alitoka jikoni na sinia la vikombe. "Si wale wazee wangu? Nilikwambia nakaa nao watoto wao wakienda kazini."

"Uliniambia lini?"

"Kila jioni, baba. Ukanijibu 'sawa, sawa' huku unasinzia."

Kweli, aliwahi kusikia habari za wazee, akadhani ni majirani wanaopita kunywa chai. Kumbe watu wanalishwa, wananyooshwa viungo, wanasomewa gazeti, wanagombana na kupatanishwa, yote ndani ya sebule yake!

Kinyozi mmoja mzee, aliyeacha kunyoa baada ya mikono kuanza kutetemeka, akaja kusimama mbele yake. "Samahani ndugu, hapo ni pangu."

"Pako? Hiki kiti ni cha mwenye nyumba!"

"Kilikuwa chake," kinyozi akasema kwa upole. "Mwenye nyumba ni marehemu."

"Ati nini?"

"Marehemu. Wewe mgeni, utazoea tu. Alikuwa mtu wa kazi sana, tunasikia. Maskini mama huyu, kaachwa peke yake."

"Mungu amrehemu," akadakia mama wa mshonaji. "Mimi kila siku namwombea."

Jamani! Mtu anaombewa rehema na yeye huyo hapo kakaa, anapumua! Mzee wa Zamu aliinuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akamfuata mkewe jikoni, akafunga mlango.

"Umewaambia nimekufa?"

Mkewe aliweka sinia chini. "Niliwaambia uko kazini. Asubuhi wakiuliza, yuko kazini. Kinyozi alipougua, mtaa mzima ukaja kumwona, wewe uko kazini. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Siku moja yule bibi akanishika mkono, akaniambia, 'Mwanangu, usione haya, hata sisi tumefiwa.' Nikabisha. Nikabisha tena. Mwisho nikachoka, nikapokea pole."

"Ukapokea?"

"Nikapokea. Na nililia, baba watoto. Nililia kweli."

Alitaka kufoka, lakini ile sauti iliyokuwa ikishinda mashine haikutoka. Aliona hasira, akaona aibu, halafu ikamjia hofu ambayo hakuionja hata siku mkanda wa mashine ulipokaribia kumkata mkono. Afanye nini? Akafanya alichozoea. Alifungua mlango, akapita katikati ya wazee bila kumtazama mtu, akashika komeo la mlango wa nje.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" bibi akauliza.

"Kazini," akajibu, ulimi ukiwahi kabla ya akili.

Bibi alitikisa kichwa kwa huruma. "Hata marehemu alikuwa hivyo hivyo."

Akageuza shingo, komeo bado mkononi. Nyuma yake mkewe alikuwa anahangaika kumwinua mzee mmoja mzito, mkono mmoja kwapani mwa mzee, mwingine kiunoni kwake mwenyewe panapomuuma. Hakumwita mumewe aje kumsaidia. Alishasahau kumwita.

Mzee wa Zamu akaliachia komeo. Akarudi, akapiga goti kando ya kiti cha yule mzee mzito.

"Shika huko, mimi nashika huku."

"Kwani wewe ni nani hasa?" kinyozi akamuuliza.

Mkewe alikuwa ameinamisha uso, anangoja kusikia kama wengine.

"Mimi ni mumewe."

Bibi alishika kifua. Kinyozi akatafuta pa kukaa asipaone, ingawa kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Mkewe aliinua macho, akamtazama mumewe usoni, kitambo kirefu, kama anayehakikisha.

"Inua basi," akasema. "Mzee anaumia."