Vidonge vya Watani

Mgeni alifika hospitali ya shamba la mkonge asubuhi ya mvua, akisukuma baiskeli iliyojaa tope, miguu ya suruali ameifunga kwa kamba ya katani. Hakuna aliyekuwa akimtarajia. Dorkasi, nesi wa wodi ya wanaume, alikuwa barazani akichemsha sindano juu ya jiko la mafuta ya taa. Alimtupia jicho mara moja tu, akaona mabega membamba na macho yaliyoingia ndani, akajua ni mgonjwa mwingine wa kifua kutoka kambi ya wafanyakazi.

"Kaa kwenye benchi," akamwambia. "Kohoa nisikie."

Mgeni akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa, akakohoa.

"Sio hivyo. Kohoa kutoka tumboni."

Akakohoa tena kwa utiifu, kisha akajifuta maji ya mvua usoni. "Dada, nikikohoa mara ya tatu utanilaza. Mimi naitwa Idarusi. Natoka Tanga, nyumbani Mabawa. Nimetumwa na hospitali ya huko kuwafundisha habari za mapafu."

Dorkasi hakujua aweke wapi uso wake. Ndani ya wodi mtu mmoja aliyekuwa akisikiliza alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile hakikutaka kwisha. Idarusi akageuza kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Yule ni nani?"

Yule alikuwa Manase, Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuja mashamba ya mkonge kama manamba, kibarua wa mkataba, na hakurudi tena kwao. Kazi yake ilikuwa chumba cha brashi, pale korona, kiwanda cha mkonge, ambapo katani iliyokauka husuguliwa mpaka ing'ae na vumbi lake hujaa hewani kama unga. Wengi wa chumba kile walikohoa. Manase yeye alitema damu, akapimwa, akaambiwa ni kifua kikuu.

Miaka michache nyuma habari ingeishia hapo. Dorkasi alisomea uuguzi misheni, kwao milimani Usambara, na alikuwa amewafunika shuka wagonjwa wa kifua wengi kuliko aliotaka kuwakumbuka. Lakini huu ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, na dawa zilikuwa zimefika: sindano, na pamoja nayo vidonge vya kumeza kila siku. Siku alipomchoma Manase sindano ya kwanza aliomba kimoyomoyo, kwa furaha. Manase akanenepa. Akaanza kuimba. Halafu, bila sababu yoyote ambayo Dorkasi aliweza kuiona, homa ikarudi na nyama zikaanza kumwisha tena.

Kwa hiyo alimpokea yule mgeni kama mtu aliyeletewa jibu.

Timotheo, dresa mkuu, msaidizi wa tiba wa siku nyingi, hakumpokea hivyo. "Mimi nachoma watu sindano tangu kule vitani Habeshi," alisema. "Leo kijana wa Mabawa anakuja kunifundisha kupumua?"

"Shikamoo, mzee wangu," Idarusi akasema. "Kupumua unajua. Nimekuja tujifunze kuwapumulisha wengine."

"Marahaba," Timotheo akajibu, na hapo hapo akakaa, maana salamu ilikuwa nzuri.

Walisoma kila alasiri, dawa zikishagawiwa. Hapakuwa na picha wala ubao. Palikuwa na Manase. Idarusi alimwinamisha kitandani kifua kikiwa chini ya kiuno, akawaonyesha namna ya kukunja kiganja kama cha mtu anayechota maji, na kumpigapiga mgongoni ili uchafu ulioganda ushuke na kutoka. Akawafundisha kumkalisha wima mtu anayetafuta hewa, na kumfanya apumue nje polepole, midomo ameibana kama anayepuliza chai ya moto.

"Nesi," Manase alisema huku ameinama, "umenigeuza ngoma. Basi na acheze mmoja wenu, nisipigwe bure."

"Mnyamwezi hapigwi bure," Dorkasi akajibu. "Ana deni la kubeba mizigo."

"Mshambaa anasema hivyo kwa sababu kwao hata mbuzi huteleza milimani."

Usiku akiwa chumbani kwake Dorkasi alikunja kiganja na kujizoeza kwenye mto. Idarusi alikuwa amemwambia kwamba mwisho wa mafunzo, wanaotaka watakwenda Tanga kujaribiwa, na atakayefaulu atatumwa kufundisha mashamba mengine, kama yeye. Dorkasi alijiona tayari yuko juu ya baiskeli. Alijiona akiingia wodi baada ya wodi, na watu wakiamka.

Jioni moja akaja Uweso. Alikuja kila jioni akitoka kazini, nywele na nyusi nyeupe kwa vumbi la katani. Alikuwa Mzigua wa Handeni, naye Manase ni Mnyamwezi, na makabila yale mawili ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana mbele ya mkweo, na akikuta kitu chako akakipenda hukichukua mbele ya macho yako, nawe ukikasirika watu wanakuona huna adabu.

"Hujafa tu?" Uweso aliuliza mlangoni. "Nimeshaazima jembe la watu kwa ajili yako."

"Chimba lako kwanza. Mimi nangoja kurithi viatu."

"Viatu? Mnyamwezi atavivalia miguu ipi?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akapekua chini ya mto kama anayepekua kwake, akachukua kipande cha muhogo, akatafuna, akapekua tena. Dorkasi alikuwa anacheka. Idarusi hakucheka. Alikuwa anamtazama Uweso akikohoa ndani ya kiganja.

"Amechukua nini?" akamuuliza Dorkasi kwa sauti ya chini.

"Chochote. Ni watani wale."

Idarusi akaenda hadi kitandani. "Bwana Uweso, nifungulie mkono wako, tafadhali."

Uweso alitazama huku na huku. Akafungua mkono. Ndani yake, vikiwa vimelowa jasho, mlikuwa na vidonge vyeupe.

Dorkasi alivitambua, alikuwa ameviweka asubuhi katika mkono wa Manase. Manase alikuwa amemwambia vinamchafua tumbo akivimeza na njaa, kwamba atavimeza na chakula, naye Dorkasi akaona ni haki, akamwachia na kuondoka.

"Tangu lini?" Idarusi akauliza.

"Tangu Pasaka," Manase akasema. Hakuinua macho. "Huyu alikuwa anatema damu kama mimi. Akija hapa atalazwa, na akilazwa kipande chake, ile kadi ya siku za kazi, hakitajazwa, na asipojaza kipande hana mshahara, na watoto Handeni wanakula nini? Angeniomba, ningemkatalia. Nilijua ni dawa. Lakini hakuomba. Alichukua kwa utani. Mtani akichukua, unamfanyaje?"

"Nilimwachia nusu," Uweso akasema. "Kila siku nilimwachia nusu. Sikuwa mwizi."

Idarusi akavuta kigoda, akakaa katikati yao. Aliwaeleza bila kugomba, na Dorkasi baadaye aliona kwamba angegomba ingekuwa nafuu. Mdudu wa ugonjwa huu, aliwaambia, hauawi na dawa nusu. Dawa nusu inawaua wadudu wanyonge na kuwaacha wale wagumu, na wale wagumu wanazaana, mpaka siku moja ukileta dawa nzima haiwafanyi kitu. Hakumtazama yeyote usoni aliposema hivyo.

Nje barazani Dorkasi alimfuata. "Basi tumejua kosa. Tunaanza upya, wote wawili. Nitasimama mwenyewe nione wanameza."

"Uweso, jaribu. Labda."

"Na Manase?"

Idarusi akaangalia mlango wa wodi. "Pafu la kushoto silisikii tena. La kulia nalo limeshaanza. Dawa hii wadudu wake wameizoea, na nyingine sina, dada. Tanga hawana. Yaliyobaki ni yale niliyowafundisha alasiri: kumkalisha, kumpigapiga, kumfanya asihangaike."

"Hayo si kutibu."

"Hapana," Idarusi akakubali. "Si kutibu."

Asubuhi Uweso hakuja. Dorkasi alikwenda mwenyewe hadi kambini, akakuta kitanda cha kamba kitupu na majirani wasiotaka kusema. Alikuwa ameondoka kabla ya kengele ya kazi, kwa miguu, kuelekea Handeni, na kikohozi chake.

"Amekwenda kuwagawia wanawe," Timotheo alisema. Alisema taratibu, si kwa ubaya, na kwa sababu ilikuwa kweli Dorkasi aliingia stoo akafunga mlango.

Tangu hapo alisimama mbele ya kila mgonjwa mpaka akameza na kufungua mdomo. Alisimama hata mbele ya Manase, na Manase alimeza kila kidonge kwa heshima kubwa, kama mtu anayelipa, na kila wiki akawa mwepesi zaidi kumwinua. Wakati wa kumpigapiga mgongo Dorkasi alihisi mbavu chini ya kiganja chake, moja moja. Utani ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na wa kumtukana.

"Nesi," alimwambia siku moja, akimeza hewa kati ya maneno, "nikilala chali nazama. Na huyu mzee wako Timotheo ana haraka ya kuwanyoosha watu."

"Hakuna atakayekulaza chali."

"Ahidi."

"Nimeahidi. Sasa puliza chai yako."

Alisema hivyo akiwa na haraka, beseni mkononi.

Siku ya kwenda Tanga ikafika. Mvua za mwisho zilikuwa zimeharibu barabara ya Pangani, na lori la marobota ya katani lilikuwa ndilo gari pekee lililothubutu. Timotheo alikuwa amekataa kujaribiwa. Dorkasi peke yake ndiye angekwenda na Idarusi. Alikuwa ameshavaa gauni lililopigwa pasi, kikapu kiko mlangoni, alipoingia wodini kuaga.

Manase alikuwa ameteleza kutoka kwenye mito. Mito yenyewe ilikuwa miwili tu, imejazwa makapi ya mkonge, na ilikuwa imelowa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi na yanajua.

Dorkasi akamkalisha. Manase akateleza. Akamkalisha tena.

"Nenda, binti yangu," Timotheo alisema nyuma yake. "Nitamwangalia mimi."

"Utamlaza?"

Mzee alikuwa mkweli. "Mtu akifika hapo hulazwa. Na mgongo wangu mimi hauwezi kushika mtu kutwa."

Idarusi akaja mlangoni, kofia mkononi. Alimtazama Manase, akaelewa, hata hivyo akasema yaliyompasa. "Hatuna ahadi ya mtihani mwingine. Labda wasiulete tena kabisa. Ukifaulu, fikiria kambi ngapi zina akina Uweso."

"Nafikiri."

"Na huyu hatapona."

"Najua. Yote unayosema ni kweli, kaka Idarusi."

Dorkasi alivua viatu. Akakaa ukingoni mwa kitanda akimpa Manase mgongo, akamvuta taratibu mpaka mgongo wake yeye ukawa ukuta wa Manase, na kichwa cha Manase kikaegemea bega lake kwa nyuma. Gauni lililopigwa pasi likapata jasho la homa. Idarusi akainama, akachukua kikapu kilichokuwa mlangoni akakisogeza ndani kisinyeshewe, akatoka.

Lori lilipiga honi, likangoja, likapiga tena. Halafu likaunguruma, likapanda mwinuko wa korona, likaisha masikioni.

"Limekwenda?" Manase akauliza.

"Limekwenda."

Alikusanya hewa kwa muda mrefu. "Mshambaa mjinga," akasema.

"Puliza chai," Dorkasi akamwambia.

Akapuliza. Kupitia gauni Dorkasi alizihisi mbavu za Manase zikipanda na kushuka, fupi, fupi zaidi. Akakaza nyayo sakafuni ili Manase asiteleze.