Bata Mzinga Mwenye Vichwa Viwili

Dada yangu Ardith alikuwa na mkono uliotulia kuliko mikono yote ya Iowa, naye alilijua hilo, wala hakutuachia nafasi ya kulisahau. Kila Novemba tulikaa kwenye meza yake ya jikoni tukatengeneza kadi arobaini za Siku ya Shukrani, sikukuu ya kula bata mzinga. Mimi nilikata karatasi na kuzikunja. Yeye aligonga muhuri wa bata mzinga, kwa sababu muhuri unataka kushuka wima na kuinuka wima. Ukiuyumbisha kidogo tu, bata anatoka na vichwa viwili.

Mwaka huu kila bata alitoka na vichwa viwili.

"Wino huu mbovu," alisema.

"Wino ni uleule, dada."

"Basi ni karatasi. Umeokota za bei rahisi."

Nikakunja nyingine. Tangu Machi nakaa kwake, namfunga vifungo, namkatia nyama, namwendesha kwa daktari maili arobaini kwenda na arobaini kurudi. Nina miaka sabini na miwili na mgongo wangu una mambo yake. Ugonjwa huo wa kutetemeka ulikuwa wake, lakini siri ilikuwa yetu sisi wawili, na siri ndiyo iliyonichosha zaidi. Mwanawe Dwight, aliyeko Oregon, hakujua lolote. Ardith aliapa kwamba siku atakayojua, nyumba itauzwa na yeye atapelekwa makao ya wazee akalishwe uji kwa kijiko. Na Dwight amezibandika kadi zote za mama yake kwenye mlango wa friji, za miaka nenda miaka rudi. Bata mmoja akiyumba, atajua.

"Tuazime kile kibao cha bawaba cha akina mama wa kanisani," nikasema. "Unaweka muhuri, unafunga, hauyumbi, kwisha."

"Kile? Mtu anagonga muhuri au anafunga mlango?"

"Heri mlango kuliko hawa mapacha wako."

Alicheka. Akajaribu tena, mkono wa kushoto umeukamata wa kulia. Bata akatoka na mabawa matatu. Akauweka muhuri mezani taratibu.

"Lavonne, mdogo wangu. Ya Dwight nigongee wewe. Hiyo moja tu. Na sahihi uniwekee, unaijua."

Nikagonga. Bata akatoka safi, kila unyoya mahali pake. Nikaifungua kadi, nikashika kalamu, na mkono ukagoma. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Nilikuwa hoi bin taabani.

"Siandiki, dada. Kila Jumapili akipiga simu namwambia uko bafuni. Sasa hivi anadhani umehamia huko."

"Unataka wanichukue."

"Nataka kulala. Usiku mmoja tu, bila kutega sikio kama umeanguka."

Nikaona aibu kwa kusema hivyo, ingawa ilikuwa kweli. Kisha akaisukuma pembeni kadi yangu safi. Akaichukua ile ya mabawa matatu, akaanza kuandika jina lake. Lilipanda, likashuka, likakaribia kutoka nje ya karatasi. Sikumsaidia. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyomfanyia mwaka huo.

"Peleka sasa hivi," akasema, "kabla akili hazijanirudia."

Nikatoka na ndala zangu mpaka kwenye sanduku la barua barabarani, nikainua kibendera chake chekundu ili mtu wa posta ajue kuna barua ya kuchukua. Niliporudi alikuwa palepale.

"Mtu wa posta amepita?"

"Bado."

"Kwa hiyo naweza kwenda kuitoa."

"Unaweza."

Nikaendelea kukunja kadi. Yeye akashika ukingo wa meza kama mtu anayetaka kusimama, lakini hakusimama. Tukasikia gari la posta likija kwenye kokoto, likisimama, kisha likiondoka.

Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi.