Adija Hakucheka

Adija alikuwa amechorwa akicheka. Mzee Fakihi aliukodolea macho ukurasa ule mpaka machozi yakamlenga: marehemu mkewe kaketi juu ya lori, mashavu ya duara kama maandazi, mikia miwili ya nywele ikimning'inia mabegani, mkono juu akikipungia kijiji kipya.

"Huyu mke wa nani?"

"Mkeo, baba," akajibu Justa, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliyekuwa akichora kitabu cha habari za kijiji. "Siku ya kuhamia hapa."

"Mke wangu hakupanda lori. Na mikia hiyo aliifuga lini? Miaka ishirini na mitatu nimelala naye, nisijue?"

Justa akacheka kwa haya, akatoa mkobani kijitabu cha ukubwa wa kiganja. Alikuwa amepewa na daktari wa Kichina huko Lindi: kila ukurasa picha moja, chini yake mstari wa maneno, picha zikifuatana kama hatua za mtu atembeaye. Humo ndimo alimojifunza kwamba habari ya kweli ya wakulima yaweza kusimuliwa hata kwa asiyejua kusoma. Ila alichukua ufundi pamoja na nyuso. Wahamiaji wa kijitabu kile wote walicheka. Basi na watu wa milima ya Matumbi nao wakacheka.

"Na mwenyekiti Nikodemu aliniambia kila mtu alifurahi."

"Nikodemu!" Fakihi akatema mate pembeni. "Wakubwa hawa, ukilia wanaandika umeimba."

Kitabu kilikuwa kiende Lindi kudurufiwa keshokutwa. Kikitoka vile, wajukuu wangemjua bibi yao kwa kicheko kile, na ukweli angezikwa nao yeye. Akaketi, akasimulia. Lori lilipokuja, Nikodemu alisema mawe ya jiko hayapakiwi. Adija akasema jiko lisilo mafiga yake ni jiko la mgeni. Akalipa lori kisogo, akajitwika figa moja, akateremka milima kwa miguu, mvua ikimpiga, kwenda kulala pasipo hata paa. Kichomi hakikumpa juma.

Justa hakufuta tu, aliuliza. Kanga ya rangi gani? Jiwe alilishika kwa mkono upi? Fakihi, ambaye kwa miaka miwili hakuulizwa neno ila idadi ya mikorosho yake, alijibu yote. Penseli ikaenda, ukurasa baada ya ukurasa, na Adija akaanza kutembea.

"Uso usiuchore, mwanangu. Huo niachie mimi."

Justa akamgeuza, akaonekana mgongo. "Sasa shahidi nani? Pasipo jina wataniambia nimetunga."

Fakihi alijua kuandika jina lake tangu Ramadhani tu. Akaliandika chini ya picha, herufi zimeegemeana kama walevi.

"Huyo Mchina aliyechora kijitabu chako anaitwaje?"

"Maandishi yao siyajui, baba."

"Basi Mungu anamjua. Amlipe. Na wewe akulipe."

Kitabu kiliporudi, watu walijaa ofisini kwa mwenyekiti. Nikodemu akafunua, akafunua, akafika ukurasa ule. Fakihi akajikaza, akingoja kuusikia ukichanwa. Kidole cha mwenyekiti kilikuwa kikipita polepole juu ya mistari ya mvua.

"Mwalimu," akasema hatimaye, bila kumtazama mtu, "mvua ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko hii."